Vikinga Mawe vya Pijo ya Ngumbo

Mwaka wa tisini na nne, kabla mvua hazijaanza, greda lilipita barabara ya kutoka Mbinga kwenda ziwani, na nyuma yake malori yakamwaga changarawe mpya. Wenye magari walifurahi kwa wiki mbili. Wiki ya tatu wakaanza kulalamika. Changarawe ilikuwa haijashindiliwa vizuri. Gurudumu likiikanyaga inaruka kama bisi kikaangoni, inapiga bodi, inachubua rangi. Na rangi ikishachubuka, kutu haibishi hodi.

Fundi Romanus Kinunda hakuwa na sababu ya kulalamika. Karakana yake ya bodi ilikuwa nyuma ya soko la Mbinga, na miaka ile kazi ilikuwa nyingi. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameruhusiwa, kila mmoja na pikapu yake. Vitu ambavyo zamani ungevitafuta kwa kibali na barua tatu, rangi, msasa, ribiti za kila saizi, sasa vilijaa madukani vikimsubiri mnunuzi. Romanus alikuwa fundi mzuri, naye alijijua hivyo. Alikuwa na sharti moja ambalo wateja wote walilifahamu: mteja hukaa kwenye benchi. Hashiki kifaa, hashauri, hasogelei.

Jumanne moja asubuhi iliingia Pijo 404, pikapu ya rangi ya maziwa, inanuka usipa, dagaa wa ziwani. Romanus alifuta mikono akaenda kumtafuta dereva. Kulikuwa na mwanamke mmoja tu, wa miaka hamsini na kidogo, kajifunga khanga kiunoni, viatu vya raba miguuni.

"Shikamoo mama. Dereva yuko wapi?"

"Marahaba. Dereva ni mimi. Wewe ndiye Fundi Romanus?"

"Ndiye mimi."

"Naitwa Winifrida, natoka Ngumbo. Watu wa kwetu wananiita Mama Glorious. Naleta usipa huku, narudi na mahindi na maharage. Hii changarawe yenu inanimalizia gari."

Romanus aliizunguka ile Pijo mara mbili. Chini ya milango, na pale mbele ya magurudumu ya nyuma, palikuwa na mabati yaliyofungwa kwa ribiti kukinga mawe. Alishayaona mengi ya namna hiyo, lakini haya yalikuwa ya ajabu kidogo. Yalikuwa yamekatwa kwa mkunjo laini unaofuata umbo la gari, na mabati yalipokutana, moja lilipanda juu ya jingine kidogo kama mbao za ubavuni mwa boti. Akayagonga kwa kifundo cha kidole. Upande wa kushoto ulilia vizuri. Wa kulia ulitoa sauti ya kopo bovu.

"Haya yote yatoke," alisema. "Kulia kuna kutu ndani. Nitaziba, nitapiga rangi, nitakuwekea vikinga vipya."

 Winifrida aliweka kiganja juu ya bati la kushoto.

"Haya aliyafunga mume wangu. Hamphrey. Alikuwa fundi wa maboti. Sasa ni mwaka wa tatu tangu atutoke."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Lakini usije ukanitupia kitu chake."

Wakabishana, kwa heshima lakini kwa muda mrefu, mpaka jua likapanda. Mwisho wakakubaliana hivi: mabati yatatoka, ila yeye atakuwepo kila moja linapotolewa, na kila kipande, hata kilichooza, kitaingia kwenye gunia lake. Romanus alikubali kwa kuwa kukaa benchini hakukuvunja sharti lake. Na mkewe, Kunigunda, aliposikia kuwa mgeni wa Ngumbo alikuwa akitafuta chumba cha kulala wageni, alikuja karakana mwenyewe akachukua mkoba wake.

"Dada, nyumba ipo. Utalalaje gesti kama mtu asiye na ndugu?"

Kazi ya kuondoa ilikula siku nzima. Romanus alikata vichwa vya ribiti kwa tindo, kimoja kimoja, kisha akapitisha kisu kati ya bati na bodi. La kushoto lilipoachia, aliinama kutazama. Chini yake rangi ilikuwa nzima, ya maziwa, inang'aa kama siku gari lilipotoka kiwandani. Hapakuwa na hata nukta ya kutu.

Kulia kulikuwa na habari nyingine. Bati lilitoka na kipande cha gari. Udongo mkavu ulimwagika, kutu ikafuata, na tundu likabaki la kupitisha ngumi.

"Gari lile lile, barabara ile ile," alinong'ona Romanus. "Kwa nini kulia tu?"

"Kulia kuliwahi kung'olewa," Winifrida alisema kutoka benchini. "Tuligonga jiwe kule mtelemkoni. Hamphrey alikuwa kitandani, hawezi kusimama. Nikampa fundi mmoja wa njiani ayarudishie. Akayabana kwa nguvu, akaziba kote."

Romanus alisikia, lakini hakusikiliza. "Ni mvua," alijibu. "Upande huo ndio unaopigwa sana na mvua."

Kwa siku mbili zilizofuata alifanya kazi ambayo, kwa kuitazama, hakuna ambaye angeikosoa. Alikata sehemu iliyooza, akachomelea bati jipya, akapiga puti, akasugua kwa msasa mpaka mkono ukipita hausikii maungio. Kisha akakata vikinga vipya kutoka bati zito la dukani, akavibana kwa ribiti mpya zilizopangwa kama vifungo vya shati la padri, na kingo zote, juu, chini na pembeni, akaziziba kwa puti akapaka rangi juu yake. Kunigunda alikuwa amekuja na birika la uji. Wote watatu wakasimama kuangalia.

"Maji yatatokea wapi?" aliuliza Winifrida.

"Hayaingii, mama. Ndiyo maana nimeziba."

Winifrida alipitisha kidole kwenye zile kingo, mwanzo hadi mwisho. Alikunja gunia la mabati ya zamani, akalipakia, akamkumbatia Kunigunda na kuondoka kwenda zake Ngumbo.

Mvua zilianza mwishoni mwa Novemba, na mwaka ule hazikufanya mzaha. Katikati ya Desemba, Pijo ya rangi ya maziwa iliingia tena karakana, imejaa matope hadi madirishani. Kulikuwa na wateja wanne wakisubiri. Winifrida alishuka, akasalimia kila mtu kwa zamu yake, hana hasira yoyote usoni.

"Fundi, naomba bisibisi."

Kwa mshangao, au kwa sababu ya umri wa yule mama, Romanus alimpa. Winifrida alichuchumaa, akachomeka ncha ya bisibisi kwenye ukingo wa chini wa kikinga cha kushoto, akaibinua. Maji ya kahawia yalitoka kwa kishindo kama bomba lililofunguliwa, yakamlowesha Romanus viatu vyote viwili.

"Nimekuletea maji ya Ngumbo," alisema.

Wale wateja walicheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Romanus alichutama. Kikinga kilikuwa kimevimba. Cha kulia ndicho kilichokuwa kibaya zaidi: ukingo wake ulikuwa umeachia, mawe yakaingia, na bati likachanika likaning'inia kama mdomo wa kambale. Ndani, kwenye puti yake aliyoisugua siku nzima, madoa mekundu ya kutu yalikuwa yameanza.

"Ulipita mtoni?" aliuliza, na papo hapo akatamani asingeuliza.

"Nilipita barabarani. Mvua inanyesha barabarani, fundi."

Jioni ile Romanus alikaa mbele ya chakula asile. Winifrida alikuwa amekwenda kumjulia hali jamaa yake wa kanisani aliyelazwa, kwa hiyo walikuwa wawili tu, yeye na mkewe, na sahani ya maharage inapoa.

"Umeshindwa kula kwa ajili ya bati?" aliuliza Kunigunda.

"Nimefanya bodi miaka kumi na saba. Watu wamenicheka mbele ya karakana yangu."

"Mimi nachimba mashimo ya ngoro shambani tangu nina miaka saba. Umewahi kuniona nikizuia maji yasiteremke mlimani? Ningezuia, shamba lote lingeshakuwa bondeni. Nayachimbia mashimo ya kutulia, basi, mengine yaende."

"Gari si shamba."

"Sawa. Na yule mama si mjinga. Alikuuliza maji yatatokea wapi. Nilikuwepo, na birika mkononi. Ulimjibu kama mtoto wa shule."

Romanus alivuta sahani. Alikula maharage yaliyopoa mpaka yakaisha, kisha akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa mkewe, "Upande wa kushoto haukuwa na kutu hata kidogo."

Winifrida aliporudi alimkuta mlangoni.

"Mama, yale mabati ya marehemu bado unayo?"

"Yapo Ngumbo, kwenye banda lake."

"Nataka kuyaona. Ukirudi, nitakwenda na wewe."

Waliondoka siku iliyofuata, alfajiri, na bati jipya, keekee ya mkono na mfuko wa ribiti nyuma ya gari. Romanus alikaa upande wa abiria, mahali ambapo hakuzoea kukaa. Winifrida aliendesha taratibu na kwa uhakika, akibadilisha gia kabla ya kona na si ndani ya kona. Kila jiwe lililopiga bodi Romanus alilisikia kana kwamba linampiga yeye kifundoni. Mtelemkoni, ziwa lilipojitokeza, aliomba wasimame kidogo. Alikuwa amezaliwa Litembo, na utotoni alikuwa akiliona kutoka juu kabisa milimani, mbali, kama bati lililosahauliwa juani. Katika miaka yake yote arobaini na tatu hakuwahi kuteremka kuligusa.

"Hujawahi kufika?" Winifrida alishangaa.

"Kazi, mama."

"Kazi," alirudia Winifrida, akaondoa gari.

Banda la Hamphrey lilikuwa la miti na nyasi, hatua chache kutoka mchangani. Randa na misumeno ilikuwa bado imepangwa ukutani kwa ukubwa, imepakwa mafuta isishike kutu. Winifrida alishusha gunia kutoka darini na kulimimina chini. Romanus alikaa juu ya gogo akaanza kuyapitia mabati moja moja, kwanza haraka, kisha polepole, kisha polepole zaidi.

Katika mabati ya kushoto, kila tundu la ribiti lilikuwa na alama ya duara jeusi. Alikwangua kwa ukucha. Ulikuwa mpira, kipande kidogo cha tyubu kilichowekwa kati ya bati na bodi, ili visigusane. Ukingo wa juu ulikuwa umekunjwa kuelekea ndani na kuzibwa kwa nta ya nyuki. Na ukingo wa chini, aliogeuza juu na kuuelekeza kwenye mwanga, ulikuwa na pengo dogo lenye upana wa kidole, kisha jingine, kisha jingine. Matatu, yamekatwa makusudi, safi, kwa mkono usiotetemeka.

Akachukua la kulia. Mapengo yale matatu yalikuwepo pia. Yalikuwa yamezibwa kwa puti ya yule fundi wa njiani. Mpira haukuwepo.

 Winifrida alileta maji ya kunywa, akaona anavyolishika lile bati, akakaa naye.

"Nilikuwa nayo mikononi," alisema Romanus. "Haya haya. Yalikuwa yananiambia, na wewe ulikuwa unaniambia. Mimi nikayatumbukiza guniani."

"Afadhali uliyatumbukiza guniani. Ungeyatupa ndiyo tungelia."

"Nimekosa, mama."

"Hamphrey alikuwa akisema hajawahi kuunda boti lisiloingiza maji, wala hajamwona aliyeliunda. Alikuwa akijivunia boti linaloyatoa." Akasimama, akajikung'uta mchanga. "Mimi mwenyewe sikujua kama alifanya hivyo hivyo kwenye gari. Nilijua tu kwamba kila tukitoka mvuani alikuwa anainama kutazama chini ya mlango, anaridhika, anaingia ndani kula. Haya, tufanye kazi."

Romanus aling'oa vikinga vyake vilivyovimba, akasugua kutu, kisha akapima bati, akachora mstari kwa msumari, akakata. Alipofika mahali pa kutoboa, Winifrida alikuwa tayari kasimama kando yake, kanyoosha mkono.

"Nipe hiyo keekee."

Romanus aliangalia huku na huku. Benchi halikuwepo. Mbele yake kulikuwa na mchanga, ziwa, na mwanamke aliyemshikia mumewe mbao kwa miaka ishirini. Akampa.

Winifrida alitoboa matundu kumi na sita upande wa kushoto, na hata moja halikwenda mrama. Romanus alikuwa anafunga ribiti nyuma yake, naye Winifrida alikata vipira vya tyubu kwa wembe, sawasawa kama sarafu, akavipanga juu ya kitambaa. Walipochoka kuongea walifanya kazi bila kuongea. Majirani walikuja kutazama. Mzee mmoja aliyewahi kuvua kwa boti la Hamphrey alikaa kutwa nzima, akitikisa kichwa kwa kuridhika kila bati lilipokaa. Usiku ulipoingia walikula samaki mbasa aliyepikwa kwa nyanya na ugali wa muhogo. Romanus, mtu wa ugali wa mahindi, tonge la kwanza lilimganda mdomoni asijue alipeleke wapi. Siku ya pili aliongezewa. Siku ya tatu aliomba mwenyewe, na Winifrida akasema sasa amekuwa mtu wa pwani ya ziwa, abaki tu.

Kila jioni aliteremka majini kunawa, na alikawia huko kuliko inavyohitajika kwa kunawa. Alimtumia Kunigunda salamu kwa kondakta wa lori: kazi inakwenda vizuri, asiwe na wasiwasi, na maneno yake juu ya shimo na maji yalikuwa ya kweli. Kondakta alidhani ni fumbo la mapenzi akalifikisha kwa tabasamu.

Siku ya tatu mchana kazi iliisha. Romanus alikuwa anafikiria kuchota maji kwa ndoo ili wajaribu, lakini wingu likamwahi. Mvua iliteremka kutoka milimani ikatembea juu ya mchanga kwa kelele. Watu wote walikimbilia chini ya upenu wa banda. Romanus alisita hapo kwa muda mfupi, kisha akatoka, akalala chali ubavuni mwa gari, mvua inampiga usoni, akatazama.

"Fundi, utaugua!" alipiga kelele yule mzee.

"Njooni muone!"

Hakuna aliyekwenda isipokuwa Winifrida. Alijifunika khanga kichwani, akainama. Kutoka kwenye yale mapengo matatu maji yalikuwa yanatoka, tone kwa tone mwanzoni, kisha nyuzi tatu nyembamba, safi, zinadondoka mchangani na kuchimba vishimo vitatu vidogo. Nyuma ya bati hapakubaki maji.

Winifrida alitazama kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa na maji, na kwa mvua ile hakuna ambaye angejua ni maji gani.

"Kumbe haya ndiyo aliyokuwa akiinama kuyatazama," alisema. "Basi. Amka uje ule."

Romanus alirudi Mbinga kesho yake. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuhamisha benchi la wateja kutoka ukutani na kuliweka karibu na kazi. Akamwambia kila aliyeuliza kwa nini vikinga vyake sasa vina mapengo chini, na kwa nini anahangaika kukata tyubu, kwamba hiyo si akili yake. Ni ya marehemu Hamphrey wa Ngumbo, fundi maboti. Wengine hawakuamini mpaka masika yalipoisha na bodi zao zikabaki nzima. Mwaka uliofuata pikapu za kahawa zilikuwa zinakuja hata kutoka Mkumbi. Madereva hawakuwa na muda wa maneno marefu, wakafupisha. Walikuwa wanaingia karakana na kusema, "Fundi, nifungie Hamphrey mbili."

Winifrida hakujua habari hiyo. Aliisikia kwa mara ya kwanza stendi ya Mbinga, mwezi wa sita, akiwa juu ya pikapu anapanga magunia ya maharage. Karibu yake dereva mmoja kijana, ambaye hakuwahi kufika Ngumbo wala hana jamaa huko, alikuwa anagombana na utingo wake.

"Nimekwambia uangalie! Hamphrey ya kushoto imelegea tangu jana, wewe unapiga soga tu. Mbane huyo Hamphrey kabla hatujaondoka!"

Winifrida aliacha gunia alilolishika. Alianza kucheka kidogo kidogo, akijizuia, kisha akashindwa, akakaa juu ya maharage akacheka mpaka machozi yakamtoka, na watu wa stendi wakaanza kugeuka kumtazama. Kunigunda, aliyekuwa amekuja kumsindikiza, alimwuliza kuna nini.

"Mwenzangu," alisema Winifrida alipopata pumzi, akijifuta kwa ncha ya khanga, "hebu subiri, nikamwonyeshe yule kijana namna ya kumbana."

Akateremka, akaomba nyundo.